Naibu Gavana si Tairi la Spea

Muhula uliopita idara yetu iliandaa mdahalo. Mada ilikuwa fupi: "Ofisi ya naibu gavana ifutwe." Mwalimu alituagiza tutumie mifano ya Nigeria na Kenya, kwa kuwa sisi hapa Uganda hatuna magavana, tuna wenyeviti wa wilaya na makamu wao. Msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono alisimama, akasema naibu gavana ni tairi la spea: linafungwa nyuma ya gari, linakula vumbi safari nzima, na ukifika salama unasahau kwamba ulilibeba. Ukumbi ukaangua kicheko, kisha makofi. Mimi nilikuwa upande wa kupinga. Tulishindwa vibaya.

Ninaandika makala haya kwa sababu kengele ililia kabla sijamaliza hoja yangu ya pili, na kwa sababu ninaamini walioshinda siku ile walishinda kwa kicheko, si kwa hoja. Msimamo wangu ni huu: ofisi ya naibu gavana isifutwe. Kinachopaswa kufutwa ni ile hiari anayopewa gavana ya kumfanya naibu wake mtu au kivuli, kadiri moyo wake unavyomtuma.

Tuanze na sheria, maana wengi wanaoibeza ofisi hii hawajaisoma. Katiba ya Nigeria ya mwaka 1999, katika kifungu cha 186, inasema kila jimbo litakuwa na naibu gavana. Haisemi jimbo likipenda. Majimbo ni 36, kwa hiyo manaibu ni 36. Kifungu cha 187 kinaongeza kwamba mtu hawezi kugombea ugavana bila kumtaja mgombea mwenza. Maana yake ni kwamba mpigakura anapotia alama kwenye karatasi anachagua watu wawili kwa kura moja. Na kifungu cha 191 kinasema gavana akifa, akijiuzulu, akiugua asiweze kuendelea au akiondolewa madarakani, naibu anakuwa gavana mpaka muhula uishe. Hakuna anayerudi kwa wananchi kuomba kura upya, kwa sababu kura ilikwisha kupigwa.

Hadi hapo mambo ni sawa. Kasoro imejificha katika kifungu cha 193. Hapo katiba inasema gavana anaweza, kwa hiari yake, kumkabidhi naibu au kamishna yeyote shughuli yoyote ya serikali. Anaweza. Asipotaka, hampi kitu. Tazameni basi ajabu hii: mtu amechaguliwa na jimbo zima, amekula kiapo hadharani, ana kinga ya kutoshtakiwa sawa na ya gavana mwenyewe, lakini akifika ofisini Jumatatu asubuhi katiba haimwambii afanye nini. Sheria ya tume ya mipaka inamfanya mwenyekiti wa kamati ya mipaka ya jimbo, na hiyo ni kazi ya maana, hasa pale vijiji viwili vinapogombea shamba. Lakini mipaka haigombewi kila siku. Siku zilizobaki anamsubiri gavana aamke na moyo mweupe.

Kwa hiyo msemaji yule alisema kweli nusu. Naibu wengi huishi kama tairi la spea. Nusu aliyoiacha ndiyo ninayoitaka mimi: tairi la spea lisilo na upepo si kosa la tairi. Ni kosa la dereva, na la fundi aliyeachia gari litoke gereji bila kulikagua. Na anayelicheka tairi hilo bado hajapatwa na pancha usiku mahali pasipo na nyumba.

Nigeria pancha zimetokea mara nyingi. Desemba 2005, bunge la Jimbo la Bayelsa lilimwondoa Gavana Diepreye Alamieyeseigha kwa tuhuma za ufisadi. Naibu wake, mtu mpole ambaye wengi nje ya jimbo hawakumjua, akashika ugavana. Jina lake ni Goodluck Jonathan. Miaka 5 baadaye alikuwa rais wa nchi nzima. Novemba 2006, bunge la Anambra lilimwondoa Peter Obi, na naibu wake Virgy Etiaba akawa mwanamke wa kwanza kuwa gavana nchini Nigeria. Alikaa miezi michache tu, kwani Februari 2007 mahakama ilimrudisha Obi. Lakini dada zangu, lisikilizeni hili: Nigeria haijawahi kumchagua mwanamke kuwa gavana. Mlango pekee ambao mwanamke amepita kuingia katika kiti kile ni mlango wa naibu, ule ambao wenzangu wanataka upigwe misumari.

Nenda Kaduna, jimbo lenye Waislamu na Wakristo wengi na lenye historia ya damu kati yao. Kwa muda mrefu desturi ilikuwa gavana atoke upande mmoja na naibu upande mwingine. Mwaka 2010 gavana wa jimbo hilo, Namadi Sambo, aliteuliwa kuwa makamu wa rais. Naibu wake, Patrick Yakowa, akawa gavana Mkristo, kisha akachaguliwa kwa kura zake mwenyewe mwaka 2011. Desemba 2012 alikufa katika ajali ya helikopta. Naibu wake Mwislamu, Mukhtar Ramalan Yero, akashika kiti. Mara mbili ndani ya miaka mitatu jimbo lile lilibadilisha gavana bila uchaguzi, na kila mara aliyeingia alikuwa mtu ambaye dini yake haikuwa ya aliyetoka. Wanaosema naibu huchaguliwa "kwa ajili ya kusawazisha tu" wanalitamka neno kusawazisha kana kwamba ni tusi. Kusawazisha ni ahadi. Wapigakura wa kusini mwa Kaduna waliambiwa: mkitupa kura, mtu wenu atakuwa mezani. Kumnyima mtu huyo kazi baada ya uchaguzi ni kuwala kura zao na kuwaachia maganda.

Hoja ya pili ya wapinzani wangu ilikuwa gharama: nyumba, magari, walinzi, msafara, wasaidizi. Siwezi kukana kwamba naibu asiye na kazi ni gharama. Lakini dawa ya mfanyakazi asiye na kazi ni kumpa kazi. Na tusisahau gharama ya upande wa pili. Kenya, Kaunti ya Nyeri ilipoteza magavana wawili mwaka mmoja, 2017: Nderitu Gachagua alifariki Februari kwa maradhi, na Wahome Gakuru akafa katika ajali ya barabarani Novemba. Mara zote mbili naibu alikula kiapo na kazi ya kaunti ikaendelea. Bila manaibu, watu wa Nyeri wangezika na kupanga foleni ya kura, kisha wakazika tena na kupanga tena.

Nairobi nayo inatufundisha kwa njia ya kinyume. Januari 2018 naibu gavana Polycarp Igathe alijiuzulu, akieleza kwamba hakufanikiwa kupata imani ya bosi wake. Gavana Mike Sonko alikaa miaka miwili bila kumpata naibu mwingine, ingawa mwaka huohuo wa 2018 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa ushauri kwamba gavana anapaswa kumteua naibu mpya ndani ya siku 14 na bunge la kaunti lipige kura ndani ya siku 60. Desemba 2020 Seneti ikamwondoa Sonko. Jiji kuu likabaki halina gavana wala naibu. Spika akakaimu, uchaguzi mdogo ukatangazwa kisha ukasimamishwa mahakamani, na Ann Kananu, aliyeteuliwa mapema mwaka 2020, akaapishwa kuwa naibu Januari 2021. Ugavana kamili aliupata Novemba mwaka huo. Hayo ndiyo maisha bila tairi la spea, na wanaoyatamani wakawaulize watu wa Nairobi.

Hoja yao ya tatu ilikuwa methali: mafahali wawili hawakai zizi moja. Ukimpa naibu nguvu, walisema, atapigana na gavana. Ninaijibu kwa kutazama ugomvi wenyewe ulivyoanza. Katika Jimbo la Edo, naibu gavana Philip Shaibu na Gavana Godwin Obaseki walikuwa marafiki wa kisiasa mpaka Shaibu alipoonyesha nia ya kumrithi. Mwaka 2023 ofisi yake ilihamishwa nje ya ikulu ya jimbo. Aprili 2024 bunge likamng'oa, na siku hiyohiyo naibu mpya akaapishwa. Julai mwaka huo Mahakama Kuu ya Shirikisho mjini Abuja ikabatilisha kule kung'olewa. Sioni mahali popote katika kisa hiki ambapo naibu alikuwa na kazi nyingi mno. Ugomvi ulihusu kiti cha kesho, na uliwaka kwa sababu leo yake ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja. Mtu mwenye shamba lake la kulima hana muda wa kukodolea macho shamba la jirani.

Na hapa tunafika kwenye jeraha lenyewe. Wengi hudhani naibu gavana analindwa kwa sababu gavana hawezi kumfukuza. Kwa maandishi ni kweli. Kifungu cha 188 kinataka theluthi moja ya wabunge watie saini tuhuma, theluthi mbili wakubali uchunguzi, jaji mkuu wa jimbo aunde jopo la watu 7, na jopo lisipothibitisha tuhuma mambo yaishie hapo. Utaratibu huo ni uleule kwa gavana na kwa naibu wake. Lakini bunge la jimbo likiwa mfukoni mwa gavana, kifungu hicho kinageuka kuwa barua ya kufukuza kazi yenye mihuri mingi. Enugu, mwaka 2014, naibu gavana Sunday Onyebuchi aliondolewa, na miongoni mwa tuhuma ilikuwa kufuga kuku katika makazi yake rasmi. Kuku! Kogi, mwaka 2019, jopo lilisema tuhuma dhidi ya Simon Achuba hazikuthibitishwa, na bunge likamwondoa vilevile. Taraba, Oktoba 2012, naibu Sani Danladi aling'olewa. Mwezi huohuo Gavana Danbaba Suntai akaanguka na ndege na kuumia vibaya. Aliyeshika nafasi akawa naibu aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia. Novemba 2014 Mahakama ya Juu ilisema Danladi aliondolewa kinyume cha sheria, ikamrudisha. Kwa miaka miwili, basi, watu wa Taraba walitawaliwa na mtu ambaye kwa haki hakupaswa kuwa pale.

Kisha kuna Ondo. Septemba 2023 bunge la jimbo lilianza mchakato wa kumwondoa naibu gavana Lucky Aiyedatiwa wakati Gavana Rotimi Akeredolu akiwa mgonjwa. Miezi mitatu baadaye, tarehe 27 Desemba, Akeredolu alifariki, na Aiyedatiwa akaapishwa kuwa gavana. Novemba 2024 wananchi wakamchagua kwa kura zao. Mtu yule waliyetaka kumtupa jalalani ndiye waliyemkimbilia msibani.

Sasa niseme la kwangu, maana wenzangu waliniuliza baada ya mdahalo kwa nini nilipandisha sauti.

Mwaka jana nilikuwa makamu mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa Kiswahili chuoni kwetu. Niliwekwa kwenye tiketi kwa sababu mwenyekiti alikuwa mwanaume na katiba ya chama inataka jinsia mbili. Sikuona vibaya. Nilipenda kuitwa "Makamu" nikipita ukumbini. Katika mwaka mzima sikutia saini karatasi hata moja. Muhuri, kitabu cha benki, na nywila ya barua pepe ya chama vyote vilikaa kwa mwenyekiti. Kisha mwenyekiti akaugua, akarudi kwao kijijini kwa zaidi ya mwezi. Ndani ya mwezi huo ulikuja mwaliko wa kongamano la vijana wa Kiswahili nchini jirani. Barua ilikaa kwenye sanduku ambalo sikuweza kulifungua. Tulipokuja kuiona, siku ya mwisho ya kujiandikisha ilikuwa imepita siku nne.

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wamefanya mazoezi ya ngonjera jioni baada ya jioni chini ya mwembe, wakitumaini safari. Wengi wao hawajawahi kuvuka mpaka. Mmoja wao, msichana mtaratibu asiyependa maneno, alinifuata nje ya maktaba akaniuliza, "Dada Makamu, kwani wewe ulikuwa unafanya nini?" Hakuniuliza kwa hasira. Alitaka kujua tu. Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Simlaumu mwenyekiti, ugonjwa haubishi hodi. Ninailaumu katiba yetu ya chama, ambayo katika ukurasa mmoja inasema makamu "atamsaidia mwenyekiti" na haisemi neno zaidi. Ninajilaumu na mimi, kwa sababu nililipenda jina na sikuiulizia kazi. Manaibu wengi wana kosa hilo: wanakubali nyumba na gari, wananyamaza kuhusu madaraka, kisha siku wakifungiwa lango wanalia kwamba wameonewa. Aliyekubali kuwa pambo asishangae akihamishwa ukuta.

Je, tufanye nini? Nina mambo matatu, na yote yanawezekana.

La kwanza, neno "anaweza" liondoke. Katiba au sheria imtajie naibu gavana kazi zake, angalau sekta moja kamili yenye bajeti yake, na gavana asiweze kumnyang'anya bila idhini ya bunge. Fatuma Achani alikuwa naibu gavana wa Kwale kwa mihula miwili kabla ya kuchaguliwa gavana mwaka 2022. Mihula miwili karibu na kazi ni shule ambayo hakuna chuo kikuu kinachoweza kuitoa. Lakini shule hiyo isitegemee bahati ya kupata bosi mwema.

La pili, makabidhiano yasiwe fadhila. Nigeria ilijifunza hili kwa uchungu. Novemba 2009 Rais Umaru Yar'Adua alikwenda Saudi Arabia kwa matibabu bila kuandika barua ya kumkabidhi makamu wake, na nchi ikakaa miezi bila kujua nani anaiongoza. Mwaka 2010 katiba ikarekebishwa: gavana naye, akiondoka bila barua, siku 21 zikipita bunge la jimbo linapaswa kumpa naibu ukaimu kwa wingi wa kura. Ni hatua nzuri, lakini siku 21 ni nyingi kwa mgonjwa anayesubiri dawa au mwalimu anayesubiri mshahara. Kenya nayo ina kanuni ninayoipenda: naibu anapokaimu hawezi kuteua wala kufukuza watu. Hapo hofu ya mafahali wawili inapata dawa. Kazi inaendelea, na nyumba ya mwenye nyumba haibomolewi akiwa safarini.

La tatu, mwamuzi atoke nje. Kenya bunge la kaunti likipiga kura kumwondoa naibu gavana, kesi inakwenda kwenye Seneti. Juni 2023 naibu gavana wa Siaya, William Oduol, alishindwa nyumbani lakini akaokolewa na Seneti. Machi 2024 Robert Monda wa Kisii alishindwa kotekote, akaenda nyumbani. Sisemi Seneti haina siasa zake. Ninasema angalau haili chakula kwenye sufuria ya gavana yuleyule. Majimbo ya Nigeria hayana chombo kama hicho, na ndiyo maana kuku wa naibu wanaweza kuwa hoja ya kumwondoa mtu aliyechaguliwa na jimbo zima.

Najua kuna atakayesema: haya ni ya Nigeria na Kenya, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu kila mahali penye kiti cha pili. Walimu wangu, mnao wakuu wa idara wasaidizi. Wenzangu, tuna makamu katika kila chama, kila bweni, kila darasa. Tumezoea kuwachagua kwa ajili ya kabila, dini au jinsia, tukawapiga picha siku ya kuapishwa, kisha tukawasahau mpaka siku ya msiba. Tusiwacheke wanasiasa wa Benin City na Akure wakati sisi wenyewe tumejenga ofisi ileile kwa mbao za bei rahisi.

Kwa sababu hiyo nimepeleka pendekezo kwa kamati ya katiba ya chama chetu. Ni mistari mitatu tu: makamu mwenyekiti awe mkuu wa kamati ya safari na makongamano, awe mtia saini wa pili wa akaunti, na nywila ya barua pepe ijulikane na watu wawili. Mkutano mkuu utalijadili kabla ya mitihani. Mwenzangu wa tairi la spea ameahidi kusimama kulipinga, na ninajua atawachekesha tena, maana ana kipaji. Chekeni. Lakini kabla hamjanyoosha mikono, watazameni wale wa mwaka wa kwanza walioketi nyuma, kisha mwamue ni nani atakayewajibu mwaliko mwingine ukija.